Uliza Vichwa, Usiulize Asilimia

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, barua za safu hii hubadilika sura: za ndoa na mirathi hupungua, za vyuo hujaa. Mwezi huu nimechagua tatu zinazohusu jambo moja, yaani vyuo vidogo vya binafsi vinavyofundisha kozi za miaka miwili. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye barua amefanya lile ambalo wazazi wengi hawalifanyi: amenitumia fomu ya kujiunga ikiwa nzima, kurasa zote saba, pamoja na kipeperushi cha chuo. Jina la chuo nimeliacha, kwa kuwa ninayoyasema yanavihusu vyuo vingi vinavyofanana nacho.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nafaka soko la Mgandini hapa Tanga. Binti yangu mkubwa amemaliza kidato cha sita akapata E moja na S mbili. Amepata nafasi ya kusoma stashahada ya ununuzi na ugavi kwa miaka miwili katika chuo cha binafsi hapa hapa mjini. Kipeperushi chao kinasema chuo kina wanafunzi 86, kwamba asilimia 40 ni wanawake, na kwamba wanafunzi hao wanatoka mikoa 14, wa dini zote na makabila yote. Ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, inalipwa kwa awamu nne. Kaka yangu anasema chuo cha watu 86 ni duka, si chuo, na kitafungwa mtoto akiwa katikati. Jirani yangu anasema huko kwenye uchache ndiko mwalimu anakomjua mtoto kwa jina. Tena chuo ni cha taasisi ya kanisa, na binti yangu anavaa hijabu. Miaka yote hii sikulipa ada ya shule, na sasa nimeshtuka. Nianzie wapi kuuliza?

Mama Zuhura, Makorora, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam, Mama Zuhura. Kaka yako na jirani yako wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana uchache wa wanafunzi peke yake si sifa wala si aibu. Unategemea fedha zilizopo na watu wanaozisimamia. Lakini kabla hatujaingia kwenye idadi, tuimalize kwanza ile kazi ya nusu saa ambayo haina ubishi.

Chuo chochote cha kati kinachotoa stashahada hapa nchini lazima kiwe kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambalo wengi tunaliita NACTVET, na kila mwaka Baraza hilo hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachopatikana bure kwenye tovuti yake. Humo kila chuo kimeandikwa pamoja na aina ya mmiliki wake, kozi zake, sifa za kujiunga, muda wa kila kozi, idadi ya nafasi na kiasi cha ada. Mwambie binti afungue kitabu cha mwaka huu, si cha mwaka jana, atafute jina la chuo na kisha jina la kozi yake. Hatua hiyo ya pili ndiyo wengi huiruka, ilhali chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi moja kati ya zile kinazozitangaza ikiwa haimo. Kama ada ya kwenye fomu imepita ile ya kitabuni, hilo ni swali la kwanza la kumpelekea msajili.

Maneno “miaka miwili” nayo yana mtego wake. Tuzo za NACTVET hupanda kwa ngazi: ya 4 na ya 5 ni za cheti, na ya 6 ndiyo ya stashahada. Aliyemaliza kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, kwa hiyo miaka miwili humfikisha kwenye cheti, na stashahada huipata mwaka wa tatu. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na ufaulu kama wa binti yako huweza kuingia moja kwa moja kwenye stashahada ya miaka miwili. Vijana wawili wanaweza basi kukaa benchi moja mwaka mzima, kisha kila mmoja akatoka na karatasi yake tofauti. Isome barua ya udahili neno kwa neno, ijulikane anaingia ngazi gani na atatoka ngazi gani. Na iwapo ana nia ya kwenda chuo kikuu baadaye, ajue tangu sasa kwamba mwenye stashahada huhitaji wastani wa alama usiopungua 3.0, na kwamba ataombwa namba ya uhakiki wa tuzo inayotoka NACTVET. Mwanafunzi ambaye chuo hakikupeleka jina lake Barazani wakati wa udahili hugundua kosa hilo miaka miwili baadaye, siku anapoihitaji namba hiyo, na wakati huo msajili aliyempokea huenda alishahama.

Sasa tuje kwenye wanafunzi 86. Nilikaa kwenye dawati la usajili miaka mingi kabla sijaanza kuandika safu hii, na nakiri kwamba sisi wasajili tuna ufundi wetu wa kuipanga idadi ikapendeza. Wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo tuihesabu kama unavyohesabu magunia. Wanafunzi 86 wakilipa wote, bila hata mmoja kudaiwa, chuo hukusanya ada ya shilingi 103,200,000 kwa mwaka. Chuo cha binafsi hakipati mishahara kutoka Hazina. Tukadirie kwamba kina walimu wanane wanaolipwa shilingi 700,000 kwa mwezi: hizo ni shilingi 67,200,000 kwa mwaka, kabla hujataja michango ya mwajiri, umeme, mlinzi, kompyuta, karani wa fedha na mkuu wa chuo mwenyewe. Zimebaki shilingi 36,000,000 za kufanyia hayo yote. Wakiacha chuo wanafunzi 20, zimeondoka shilingi 24,000,000, yaani theluthi mbili ya kilichobaki. Hicho ndicho anachokiogopa kaka yako, hata kama amekisema kwa maneno ya kejeli.

Kwa kawaida chuo hakianguki siku moja. Kwanza mishahara huchelewa, kisha walimu wa muda wenye ujuzi wao huhamia kwingine, kisha utamwona mwalimu mmoja anafundisha masomo manne, likiwemo moja ambalo hakulisoma. Kwa hiyo usimwulize mkuu wa chuo kama chuo kitafungwa, kwa sababu hakuna atakayekujibu ndiyo. Mwulize nani anafundisha masomo ya ununuzi na ugavi mwaka huu, wameajiriwa au ni wa muda, na jengo ni la nani. Taasisi ya dini ikiwa inalimiliki jengo, mzigo wa pango haupo, na aghalabu taasisi mama huweza kukishika chuo mkono katika mwaka mbaya. Chuo cha mtu mmoja kilichopanga ghorofa ya pili juu ya duka la simu hakina mkono huo wa kushikwa.

Kuna jambo ambalo kipeperushi hakikulisema, lakini ukurasa wa nne wa fomu umelitaja bila kukusudia: mwaka wa kwanza wapo 54 na mwaka wa pili wapo 32. Hesabu hii ina maelezo mawili yanayopingana kabisa. Huenda chuo kinakua, mwaka jana kilipokea 34 na mwaka huu kikapokea 54. Au huenda mwaka jana pia kilipokea hamsini na kitu, na ishirini wakaondoka kwa kukosa ada, kwa kufeli au kwa kuchoka. Swali la kuyatenganisha maelezo hayo ni fupi: hawa 32 wa mwaka wa pili, walipoanza walikuwa wangapi? Msajili anayekijua chuo chake atakujibu papo hapo. Akianza kukupa asilimia, mwombe kwa adabu akupe vichwa. Kisha uliza swali hilo hilo kwa kozi ya binti yako peke yake, maana watu 86 waliogawanywa kwenye kozi nne ni jambo jingine. Darasa lake linaweza kuwa na watu kumi na mmoja. Darasa la watu kumi na mmoja lina faida zote anazozisema jirani yako, lakini pia ndilo la kwanza kufutwa au kuunganishwa na jingine mambo yakibana.

Akishaingia, kila muhula achukue nakala ya matokeo yake yenye muhuri na aiweke nyumbani. Siku ya kuhama, kwa hiari au kwa kulazimika, karatasi hizo ndizo zitakazomwokoa asianze upya.

Kuhusu gharama, mshtuko wako naufahamu vyema, na si wako peke yako. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 kwa sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita, familia nyingi zimepoteza mazoea ya kuweka fungu la ada, kisha chuo kinakuja mara moja na karatasi ya milioni. Ubaya ni kwamba ile 1,200,000 ni ada tu. Nimezijumlisha tozo nyingine zilizotawanyika kwenye kurasa za fomu yako: usajili 20,000, kitambulisho 10,000, mitihani 150,000, uthibiti ubora wa Baraza 15,000, bima ya afya 50,400, serikali ya wanafunzi 10,000 na sare 80,000. Jumla ni shilingi 335,400 kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hurudi mitihani, uthibiti ubora, bima na serikali ya wanafunzi, jumla shilingi 225,400. Ukiongeza ada ya miaka miwili, umefika shilingi 2,960,800, na bado hujagusa yale yasiyoandikwa: nauli na posho ya mafunzo kwa vitendo, kuchapa na kujalidi ripoti, joho la mahafali. Weka shilingi 300,000 kwa hayo. Ugawanye mzigo wote kwa miezi 24, na utaona ni karibu shilingi 136,000 kila mwezi bila kuruka hata mmoja, pamoja na ile miezi ya masika ambayo mahindi hayafiki sokoni na wateja hawana fedha. Hiyo ndiyo bei ya kuipima na mfuko wako, si ile ya kwenye kipeperushi.

Bahati yako ni kwamba binti atalala nyumbani. Anayetoka Handeni au Kilindi hulipa chumba, chakula na godoro juu ya hayo yote, na mara nyingi fungu hilo huipita ada. Nauli nayo si ya kudharau, lakini Tanga ni mji wa baiskeli na ardhi yetu ni tambarare. Sijui aibu ya wasichana wa siku hizi kuhusu baiskeli imetoka wapi, kwani mama zao walipanda.

Uliza pia juu ya awamu nne: mwenye deni huruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani au hufukuzwa? Fomu yako imesema atakayedaiwa hataruhusiwa, bila kutaja tarehe. Omba tarehe hizo kwa maandishi, uzilinganishe na miezi yako ya mauzo. Chuo kidogo kina udhaifu wake, lakini jambo moja hukizidi kikubwa: mhasibu wake unaweza kumwona ana kwa ana, na ukimweleza mapema kwamba awamu ya pili utailipa baada ya mavuno, wengi hukubali.

Usisahau mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani za kipaumbele, kama vile afya, ualimu wa masomo maalumu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo na mifugo. Usichukulie kwamba ugavi ni ndugu wa usafirishaji na kwa hiyo umo. Fungua mwongozo wa mkopo wa mwaka huu uitafute kozi kwa jina lake. Ikiwa imo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, yaani wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa kuwa wengi huchelewa hapo. Na mkopo ni mkopo: akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Nikiwa hapo, niongeze kwamba fani ya ununuzi na ugavi ina bodi yake ya kitaaluma, inayojulikana kwa kifupi kama PSPTB, na mwenye stashahada anayetaka kuikamata kazi hiyo barabara hujisajili nayo na kufanya mitihani yake. Gharama hizo zitakuja baadaye, lakini ni vyema zijulikane.

Nimeuacha mwisho mchanganyiko wa wanafunzi, ambao kipeperushi kimeuweka mbele kwa herufi kubwa. Sisi watu wa Tanga mchanganyiko haututishi. Mkonge ulileta manamba kutoka Kigoma, Songea, Mtwara na hata ng'ambo ya mipaka, bandari na reli zikaleta wengine, na wajukuu zao leo wanazungumza Kidigo au Kibondei kuliko lugha za babu zao. Kwa hiyo mikoa 14 si ajabu. Lakini katika watu 86, mikoa 14 inaweza kumaanisha watu 70 wa Tanga na 16 waliotoka mikoa 13 iliyobaki, na hapo neno “mchanganyiko” limetumika kama chumvi. Vivyo hivyo ile asilimia 40 ya wanawake ni wasichana 34 hivi kwa chuo kizima. Wangapi wako kwenye kozi yake? Wakiwa watatu kati ya kumi na mmoja, si sababu ya kukataa, ila ni vizuri ajue anaingia wapi.

Suala la hijabu linanihusu zaidi kuliko hesabu hizo. Katiba yetu, katika ibara ya 13 na ya 19, inakataza ubaguzi na inalinda uhuru wa kuabudu, na vyuo vingi vya makanisa hapa pwani vimesomesha watoto wa Kiislamu miaka yote bila kelele. Hata hivyo, maisha ya kila siku huendeshwa na kanuni za chuo, kwa hiyo omba kanuni hizo uzisome. Sare inaruhusu mtandio au hijabu ya rangi ya sare, au imekaa kimya? Kipindi cha mchana cha Ijumaa kinaanza saa ngapi? Ibada ya asubuhi ni ya lazima kwa wote au kwa wanaotaka? Mitihani ikiangukia Ramadhani huwekwa asubuhi au alasiri? Chuo kinachowapokea watu wa dini zote kweli kweli kitakuwa kimeshayajibu maswali haya miaka mingi kabla yako. Ukimwona mkuu wa chuo anayafikiria kwa mara ya kwanza mbele yako, hapo utajua kipeperushi kiliandikwa na mchapaji.

Nenda Jumanne asubuhi, bila miadi, wala si siku ya maonyesho. Mwache binti azungumze na wasichana wa mwaka wa pili bila wewe kuwepo, nawe ukae chini ya mwarobaini umsubiri.

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Pangani. Mjomba wangu anaishi Marekani na amenitafutia chuo kidogo cha binafsi huko cha miaka miwili. Takwimu alizonitumia zinasema chuo kina wanafunzi 140, gharama halisi ni dola 14,000 kwa mwaka, na asilimia 31 ya wanafunzi ni watu weusi. Mjomba anasema gharama hiyo tunaweza kuichanga kwa ukoo, na kwamba sitajisikia mgeni. Naomba ushauri.

Kijana wa Pangani

JIBU

Marahaba mwanangu. Mjomba wako ana nia njema, ila takwimu hizo zimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani, na mbili kati ya hizo tatu hazikuhusu wewe.

Vyuo vya Marekani vinavyopokea fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi vinalazimika kila mwaka kutoa takwimu za udahili, gharama, wahitimu na asili za wanafunzi kwa Wizara ya Elimu ya huko, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya wizara hiyo iitwayo College Navigator. Ni utaratibu mzuri, na natamani tungekuwa nao hapa. Lakini kila tarakimu ina maana yake maalumu. Ile inayoitwa gharama halisi ni wastani wa kinachobaki baada ya kutoa ruzuku na ufadhili waliopata wanafunzi, na sehemu kubwa ya ruzuku hizo, kama vile Pell Grant, ni ya raia na wakazi wa kudumu. Wewe utakayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hustahili fedha hizo. Kwako bei ni ile kamili: ada, tozo, vitabu, malazi, chakula na bima, isipokuwa chuo chenyewe kikikupa ufadhili kwa barua. Mwambie mjomba atafute mstari wa gharama kamili kwa mwanafunzi anayeishi chuoni. Usishangae ukiukuta karibu mara mbili ya zile dola 14,000.

Ile asilimia 31 nayo hutahesabiwa humo hata ukiwa mweusi kama mkaa. Katika takwimu za huko, mwanafunzi wa kigeni huwekwa kwenye fungu lake la wasio wakazi, bila kujali rangi yake. Tafuta fungu hilo. Likiwa asilimia 5, kwa chuo cha watu 140 hao ni wageni saba, kutoka nchi zote za dunia. Huenda saba wakatosha, lakini usiende ukitegemea arobaini. Kwa kweli swali la maana zaidi ni kama chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na kama kimeidhinishwa kutoa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo viza ya masomo haiombwi kabisa. Si kila chuo kidogo kina idhini hiyo.

Kiwango cha wahitimu pia kisome kwa jicho la pili. Kwa chuo cha miaka miwili huhesabiwa waliomaliza ndani ya miaka mitatu, tena miongoni mwa wale tu walioanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote. Katika chuo cha watu 140, kundi hilo linaweza kuwa watu ishirini, na wawili wakiacha, kiwango kimeshuka kwa asilimia 10.

Ulizeni kama chuo ni cha kibiashara au cha taasisi isiyogawana faida, na ni chombo gani kimekipa ithibati. Ukubwa peke yake hauwalindi wanafunzi: kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa na maelfu ya wanafunzi, ilifunga milango Aprili 2015, na ITT Technical Institute ikafuata Septemba 2016. Kwa upande mwingine, kipo chuo kiitwacho Deep Springs huko California, kilichoanzishwa mwaka 1917 katikati ya shamba la ng'ombe jangwani, chenye wanafunzi wasiofika arobaini, na hakitozi ada wala fedha ya malazi. Wanafunzi hukamua ng'ombe na kupika wenyewe. Kuingia huko ni kugumu kuliko tundu la sindano, nimekitaja tu ili ujue kwamba “chuo kidogo cha binafsi cha miaka miwili” ni maneno yanayofunika vitu visivyofanana hata kidogo.

Usihesabu kazi kama chanzo cha ada. Mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na anatakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza kabla hajaondoka. Tozo ya kusajiliwa kwenye mfumo wao wa wanafunzi ni dola 350, mbali na tozo ya viza. Masharti ya viza kwa Watanzania nayo yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo ukoo usitume hata senti chuoni kabla ya kusoma taarifa ya siku hiyo hiyo ya ubalozi. Na linganisha fungu hilo na stashahada ya hapa nchini: kwa dola 14,000 peke yake, za mwaka mmoja tu, ukoo wako ungeweza kuwasomesha vijana kadhaa wa Pangani hadi mwisho. Nadhani mjomba hajaipiga hesabu hiyo.

SWALI

Mimi ni mwalimu katika chuo kidogo cha binafsi hapa Bagamoyo. Tulianza na wanafunzi 18 kwenye kozi yetu, wakamaliza 11. Wazazi wanatuona tumefeli kwa asilimia 39, ilhali wanne kati ya saba waliopungua walihamia chuo cha serikali walipopata nafasi. Tuwaambie nini?

Mwalimu, Bagamoyo

JIBU

Waambie hivyo hivyo, Mwalimu, ila waandikieni. Kwenye fomu ya kujiunga wekeni mistari mitano: walioanza 18, waliomaliza 11, waliohamia 4, walioacha kwa ada idadi yao, waliofeli idadi yao. Mzazi atakayeona kwamba walioshindwa ni watatu, na kwamba mmewahesabu mmoja mmoja, hatawaza tena juu ya asilimia 39. Sababu ya walioacha msiifiche, hata ikiwa ni ada. Tena hapo mnaweza kujifunza jambo: kama wote watatu waliondoka mwezi wa awamu ya pili, basi kasoro iko kwenye ratiba yenu ya malipo, na kuisogeza tarehe hiyo hadi baada ya mavuno hakuwagharimu chochote.